Sekunde Sitini Sebuleni kwa Bi Verdell

...na hakuna kukohoa, hakuna kukuna goti, hakuna kumeza mate kwa kelele, maana Shavonne fundi sauti ameshainua mkono, hedifoni zimembana masikio, na mkono wa Shavonne ukiwa juu hata mchungaji akibisha hodi atangojeshwa nje, sekunde sitini za ukimya wa chumba, kazi ya mwisho kabla ya kukunja nyaya, na Alvin Truesdale ameketi kwenye kiti cha mbao sebuleni kwa watu, hapa Brooklyn, saa tisa alasiri, mwezi wa Juni, magoti yake yamekaribia kugusana na ya Bi Verdell Gadsden, anajiambia sekunde sitini ni nini, mimi nimenyamaza miaka arobaini na moja... kila chumba kina ukimya wake, hilo alijifunza ukubwani, alipoacha kuhakiki santuri za watu na kuanza kutengeneza filamu, huwezi kuchukua ukimya wa chumba hiki ukautia katika kile, masikio yatakushtaki, wala mtu haruhusiwi kutoka, ukimya wa chumba chenye watu wanne si ule wa chumba chenye watu watatu, miili hunywa sauti, kwa hiyo kaa, mzee, kaa hapo hapo, hivi ndivyo viraka vyako, utakapokata maneno ya mama huyu ili yakae unavyotaka wewe, penye tundu utabandika kipande cha kimya hiki na hakuna atakayejua... friji imezimwa, na Shavonne ametia funguo za gari lake ndani ya friji, kando ya mayai, ndivyo wafanyavyo mafundi sauti ili wasije wakaondoka wakasahau kuiwasha na nyama za watu zikaoza, Errol mpiga picha amesimama nyuma ya kamera hapepesi jicho, na Bi Verdell, miaka sabini, gauni la zambarau, nywele amezitengeneza jana kwa ajili ya siku hii, anamtazama Alvin na kutabasamu, usimtazame, tazama zulia, mwisho wa filamu umeshaupata, dakika tano zilizopita umeupata mzima mzima, huna hata haja ya kuukata, alivyosema vile na sauti ikamkwama mahali penyewe, "Nilikuwa nimetoka kupoteza mtoto, Alvin, mwezi haujaisha, wa miezi saba tumboni, na pale studio hakuna aliyejua, nikasema leo nitaimba nicheke, nitaimba mpaka wacheze, na wakacheza, hakuna aliyeshtuka, hata mume wangu, halafu Odessa akaniletea gazeti, nikakusoma, nikamwambia dada, tazama, kuna mtu mmoja dunia nzima amenisikia," mtu mmoja dunia nzima, na mtu mwenyewe alikuwa amekosea mwendo wa gramafoni... ngwangwara! kifuniko cha sufuria sakafuni jikoni, Shavonne akashusha mkono, "Bi Odessa, jamani!" na kutoka jikoni, "Poleni, kimeniponyoka!" "Si tulisema hakuna kupika?" "Sipiki, naonja! Samaki wameiva zamani, ninyi ndio mmekaa mnatazamana hapo kama wachumba," na Bi Verdell akacheka mpaka hereni zikatikisika, "Mwache, Shavonne, huyo dada yangu tangu azaliwe hajanyamaza dakika nzima, hata siku ya ubatizo alimjibu mchungaji ndani ya maji," "Na nilimjibu vizuri!" alisema Odessa, "Alitaka kunizamisha mara mbili!" Errol akaficha mdomo kwa kiganja, Alvin naye akacheka, kicheko chake cha kazini, kifupi, cha mtu anayejua kamera iko wapi hata ikiwa imezimwa, na Shavonne akasema haya, mwanzo tena, Bi Odessa kaa chini ushike mikono yako mwenyewe, sekunde sitini, mkono juu.

Gramafoni ilikuwa ya mama yake, kubwa kama kabati la vyombo, na ubavuni ilikuwa na kiswichi cha mwendo, mizunguko thelathini na tatu kwa dakika kwa santuri kubwa, arobaini na tano kwa zile ndogo, na mama alikuwa amekibana kiswichi hicho kwa plasta ya kidonda pale pale kwenye thelathini na tatu, kwa sababu wanawe walikichezea hadi kwaya ya kanisa ikawa inalia kama panya, akasema atakayeigusa plasta hii atanieleza, na katika nyumba ile hilo lilitosha, Alvin alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ana shahada, anahakiki muziki kwenye gazeti la wiki la watu weusi, na bado plasta ya mama haigusi... ikaja santuri kubwa ndani ya bahasha nyeupe, haina picha, haina jina la kampuni, imeandikwa kwa kalamu tu Verdell Gadsden na namba ya simu, na santuri kubwa hupigwa kwa thelathini na tatu, nani asiyejua, ila miaka ile kumbi za dansi zilikuwa zimeanza kupenda santuri kubwa za arobaini na tano ili ngoma zigonge vizuri, jambo ambalo kila mpiga santuri wa kona alilijua na msomi mmoja hakulijua, akaweka sindano, ikatoka sauti nzito, ya polepole, ya mwanamke anayevuta kila neno kama ndoo kutoka kisimani, ngoma zinakokota miguu, Jumamosi inakuja, anasema, viatu vyangu viko wapi, na kwa jinsi alivyosema ungedhani viatu vyenyewe ni vya marehemu, na Alvin akalia, hilo si uongo, katika mambo yote hayo hilo si uongo, alilia machozi kabisa kwenye kochi la mama yake, akaipiga mara saba, akaandika kwamba huyu ni mwanamke anayejiandaa kwenda kwenye dansi huku akijua kwamba wote aliotaka kucheza nao wamekwisha zikwa, mistari mia na ishirini, na mzee Pinkney mhariri, ambaye hakuwahi kumsifu mtu aliye hai, akaisoma amesimama, akasema, "Kijana, hii haiguswi hata nukta"... wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, amekodi viatu, ameshika ukuta maana kuteleza kwenyewe hakukuwa fani yake, mara spika zikafyatua wimbo mwepesi, mkali, unaokimbia, ukumbi mzima ukapiga ukelele, binti aliyekuwa karibu naye akaanza kuimba, na Alvin akajikuta anayajua maneno kabla hayajaja, Jumamosi inakuja, kwanza akadhani kuna mtu ameuiba wimbo wa Bi Verdell akauharibu, wazo hilo lilidumu kama ubeti mmoja, kisha akaikumbuka plasta ya mama, akatoka nje vile vile na magurudumu miguuni, akajigonga kwenye sanduku la barua, akasimama pale barabarani amelikumbatia, mpaka ikambidi arudi kuchukua viatu vyake, na mtunza viatu akamuuliza, "Umeanguka, kaka?" akasema hapana, "Basi mbona umekuwa hivyo?"... Jumatatu alikwenda kusema, hilo nalo si uongo, alifika mpaka mezani kwa Pinkney na sentensi yake tayari, Pinkney akamwahi, "Umesikia wanavyosema mjini? Wanasema kila mtu alisikia dansi, Truesdale peke yake akasikia kilio kilichokuwa chini ya dansi. Jarida kubwa la ng'ambo ya mto limekuulizia, mara mbili," "Mzee, kuna kitu..." "Kitu gani?" "Hapana, mzee. Asante"... na asante hiyo ikazaa jarida, jarida likazaa kitabu, makala yenyewe ikiwa sura ya kwanza, kitabu kikazaa vitabu vinane, vitabu vikazaa filamu, vijana wa vyuoni wakavipigia mistari kwa kalamu ya rangi wakisema huyu ndiye mtu mwenye sikio, njia ya mwongo ni fupi, husema watu, yake ilifika Paris ikarudi, na huko Paris walimpa kiti cha mbele... sasa ni nini tena, kengele, kengele za gari la aiskrimu zinaingia mtaani na wimbo wao ule ule wa kijinga, Shavonne akafumba macho, mkono chini.

"Huyo hupita kila siku saa hizi," alisema Bi Verdell, "na husimama hapo mbele kwa watoto wa jirani, itabidi mvumilie," na Errol akasema yeye angevumilia vizuri zaidi na koni mkononi, "Nenda basi," alisema Shavonne, "ukirudi na aiskrimu mdomoni nakurekodi unavyoramba, nakuuza," na kutoka jikoni Odessa akauliza kama sasa anaruhusiwa kuongea au bado amekamatwa, maneno yakipita juu ya kichwa cha Alvin, aliyekuwa kimawazo angali mezani kwa Pinkney, mpaka akasikia jina lake, "Alvin. Umechoka wewe? Umeparara," "Sijambo, Bi Verdell, ni joto," "Utakula kabla hujaondoka, Odessa amekuwekea mkate wa mahindi wa pembeni, ule ulioungua kidogo, mwanamume mwembamba namna hiyo, nani anayekupikia?" na kabla hajatafuta jibu la kumchekesha akainama, akashusha sauti, kamera imezimwa na yeye ajua imezimwa, "Kuna kitu sikukisema pale. Unajua kampuni waliponisoma kwenye makala yako waliniita wakaniambia nini? Wakasema Verdell, dansi basi, imba chini, imba polepole, imba kama alivyosema yule mwandishi. Nikaimba chini. Santuri mbili. Koo likaota vinundu, nikapasuliwa, nikaenda posta kupanga barua miaka ishirini na tisa," Alvin akasema najua, Bi Verdell, na kweli alijua, alikuwa na hati zote ndani ya mkoba, tarehe ya upasuaji na yote, alishaipangia nafasi katika filamu, dakika ya hamsini na mbili, "Sikuambii ili ujisikie vibaya, mpenzi," akasema, akampiga kofi dogo la goti, "Sijawahi kukulaumu hata siku moja. Wewe ulisikia. Ni wao tu hawakujua wafanye nini na ulichosikia," kengele zikaondoka, zikakunja kona, zikafifia, Shavonne akasema mara ya tatu, jamani, na ya mwisho, atakayepiga chafya namfungia ndani ya friji na funguo zangu, mkono juu.

Haya, fikiri, una dakika moja, na fikiri kama mtu mzima... ukinyamaza, yeye anabaki na shahidi wake, miaka arobaini na moja amelala akijua kuna mtu aliyemsikia siku ile, kumwambia ni kuingia nyumbani kwa mtu, kula mkate wake wa mahindi na kuondoka na kitu chake cha thamani, basi huruma inataka unyamaze, umeona, huruma, ila ni ajabu huruma hiyo inavyokufaa, inakulindia sura ya kwanza, inakulindia Paris, huruma gani hii inayomnenepesha anayeitoa... ukisema, sema basi mbele ya kamera, hebu, hiyo ndiyo filamu, mhakiki mzee na mwimbaji mzee, uso wake unapopokea habari, Errol anamsogelea taratibu, watu ukumbini hawapumui, zawadi zote mwaka huu zingekuja mlango huu mmoja, na hapo hapo Alvin akajisikia kinyaa, kinyaa cha kweli, maana wazo hilo halikumchukua hata sekunde tatu, alikwisha kuchagua hata lenzi... tazama zulia, zulia limekwisha kutazamwa, akainua macho, Bi Verdell hamtazami tena, macho yake yako dirishani, amesahau kama kuna watu, na kidole chake cha shahada kinapiga juu ya goti, juu ya gauni la zambarau, hakitoi sauti yoyote hata Shavonne hakisikii, kinapiga tu, na Alvin akakihesabu bila kukusudia, kazi ya miaka arobaini haimwachi mtu, akakijua, ni ule wimbo, ni mwendo wake wenyewe, mwepesi, unaokimbia, na midomo ya Bi Verdell inatikisika kidogo, viatu vyangu viko wapi, na usoni hakuna msiba, kuna kitu kingine, kuna ujeuri, ule ujeuri wa mtu aliyeambiwa akae chini akasimama... nitaimba nicheke, alisema, nitaimba mpaka wacheze, na wewe uliisikia sentensi hiyo dakika kumi zilizopita ukaitia kwenye hesabu ya vilio, ukasubiri sauti ikwame, lakini tazama alichokuwa akisema, mwezi haujaisha tangu amzike mtoto, akaingia kwenye chumba cha wanaume wenye vinanda akawachezesha, akachezesha ukumbi mzima, akachezesha mji, hakuwa akificha kilio, alikuwa akikishinda, kwa wimbo mmoja, kwa makusudi, na akashinda, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, hiyo ndiyo ilikuwa sanaa yenyewe, na hakuna aliyeiandika, kwa sababu mtu mwenye sikio alikwisha waambia watu kwamba wathamini kile kitu alichokataa kuimba, wakaenda wakamwambia akiimbe, mpaka koo likapasuliwa, na hata yeye mwenyewe sasa anasema ni wao, si wewe... na wimbo wenyewe, Alvin, umewahi kuusikia? ubeti mmoja na nusu, umeshika ukuta, ukakimbia, basi, maisha yako yote, kwa maana gramafoni ya mama uliirithi na plasta yake, imekauka, imekuwa ya manjano, kila ukitaka kumsikia Verdell Gadsden unamsikia pale pale kwenye thelathini na tatu, ukisema ndiyo heshima, ndiyo kumbukumbu, mhakiki mkubwa wa muziki wa watu weusi kuliko wote waliobaki Brooklyn, na wimbo uliokuinua hujausikia... ikamshika aibu, si hofu, hofu aliijua, hofu ilikuwa mpangaji wake wa siku nyingi na walikuwa wamezoeana, hii ilikuwa aibu, ngeni, ya moto, ilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, na ajabu ni kwamba chini yake palikuwa na nafasi, kama chumba kilichotolewa samani... atamwambia, kamera ikiwa imezimwa, Errol na Shavonne wakiwa wanapakia vifaa garini, atamwambia jikoni, mbele ya Odessa, maana Odessa atauliza maswali ambayo Bi Verdell kwa adabu yake hataweza kuyauliza, na hatalia, akilia watamhurumia na huo utakuwa wizi mwingine, atasema nilikosea mwendo, Bi Verdell, sikukusikia, nilisikia mashine ya mama yangu, na wewe ulichofanya siku ile kilikuwa kikubwa kuliko nilichoandika, na akitaka kamera iwashwe tena ili aseme mwenyewe mbele ya watu Alvin Truesdale ni nani, itawashwa, na akitaka filamu isionwe na mtu, haitaonwa, na sura ya kwanza, hiyo Alvin mwenyewe ataisahihisha kwa jina lake, akijua tu kwamba Bi Verdell hatakuwa tena na mtu aliyemsikia, hilo ndilo linalouma, hilo hakuna kiraka chake, ataliona likimfika usoni na itambidi akae pale pale alipo atazame, asiandike chochote... kidole kinapiga juu ya goti, mkono wa Shavonne uko juu, zimebaki sekunde kumi na tano, labda kumi na nne, na Alvin anaziogopa zote, wala hataki iongezwe hata moja.